Kiyoyozi cha Jumba la Kivuli

Wako watu wachaguao kiyoyozi kama wachaguavyo suti ya harusi. Huutazama mng'ao wake, hupapasa kwa vidole, huuliza ni nani mwingine mjini anacho, kisha huagiza kifungwe. Chumba chenyewe kikoje, kinakaliwa na nani, na mlango wake hufunguliwa mara ngapi, hayo kwao ni maswali ya watu wasio na uwezo. Sifaeli Kallaghe, mteuzi wa viyoyozi, alikuwa amewatumikia watu wa namna hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo wote hakuwahi kuuzoea upumbavu wao. Aliuvumilia kama mtu avumiliavyo kokoto ndani ya kiatu katika mwendo mrefu: alitembea nao, lakini hakuusamehe.

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama katikati ya Jumba la Kivuli la Maweni Chini, mji ulio katika nyika iliyo chini ya milima ya Upare. Ilikuwa saa nne na nusu. Kipimajoto chake kilisoma arobaini na moja, na huko nje watu walikuwa wakikimbilia kumaliza shughuli zao kabla ya king'ora cha saa tano, ambacho kikishalia, sheria humkataza mtu yeyote, ila wenye zamu kiwandani, kukaa juani mpaka saa kumi.

Nyuma yake walikuwapo wawili. Wa kwanza ni Mheshimiwa Abineri Mchome, Mwenyekiti wa Baraza la Mji, aliyevaa koti, kizibao na tai, ili kila amwonaye ajue kwamba ametoka katika gari lenye ubaridi na atarudi humo. Wa pili ni Injinia Ombeni, mwakilishi wa kampuni ya Baridi Kamili, mtu mwenye meno mazuri na kibao cha kioo mkononi.

"Mzee Kallaghe," akasema Injinia, "jumba tumekwisha kulipima. Urefu, upana, kimo, madirisha, hata rangi ya bati. Kibao kimekokotoa chenyewe. Ni kiyoyozi chetu cha Kimya namba tisa, bila shaka yoyote."

"Mmepima chumba. Ni nani aliyepima mlango?"

"Mlango una mita tatu kwa mbili na nusu."

"Sikuuliza ukubwa wake. Nimeuliza katika kila saa moja mlango huu utakuwa wazi kwa dakika ngapi."

Injinia akakitazama kibao chake, kama mwanafunzi atazamaye dari akitafuta jibu. "Mzee wangu, mlango wa jumba lenye kiyoyozi hufungwa."

"Na nani?"

Mwenyekiti akacheka. "Sifaeli, bwana! Tumekuita utie kidole, siyo utuulize maswali ya darasa la nne."

"Kama mngeliyajibu yale ya darasa la nne, Mheshimiwa, nisingelazimika kuyauliza."

Kidole kilikuwa chake, na hilo ndilo lililowaudhi. Tangu kiangazi kile kilichoua watu sitini na mmoja katika mabanda ya bati ya Kambi ya Mkonge, hakuna kiyoyozi cha jengo la watu wote kilichoweza kuwaka, ila kwa majaribio ya siku tatu, bila kidole gumba cha mteuzi mwenye leseni. Chombo chenyewe kilikataa. Na ikiwa mtu atakufa kwa joto ndani ya jengo lile, au mlangoni pake, kidole hicho hicho ndicho kitakachoitwa mahakamani. Baraza halikupiga kura kuipitisha sheria hiyo. Iliteremka kutoka juu, na wajumbe waliipokea kama mgonjwa apokeavyo mafuta ya nyonyo.

"Tutafanya majaribio ya siku tatu," akasema Sifaeli, akikunja futi yake. "Kama sheria isemavyo. Siku ya kwanza tuwashe hicho Kimya chenu, na watu waingie kama watakavyo."

* * *

Kimya kilikuwa chombo kizuri. Sifaeli hakuwa mtu wa kukinyima chombo sifa yake. Kilivuta joto la chumba kikalitupa nje bila kutoa sauti hata ya mbu. Katika chumba cha kulala cha mtu mmoja, au katika ghala la dawa, angelikitilia kidole akiwa amefumba macho. Lakini joto halifi. Linahamishwa tu, na kila kifaa cha namna ile hudai jambo moja kwa ukali wa mwalimu mkuu: mlango ufungwe, dirisha lifungwe, na ubaridi uliokwisha kutengenezwa usitoke.

Watu wa Kambi ya Mkonge walianza kuingia kujikinga na jua saa tano kasorobo. Kila aliyefika alisimama kizingitini akapiga hodi, naye hakuvuka mpaka waliomo wamwitikie karibu, na waliomo walikuwa mia tano. Wakaitikia wote. Kisha akasalimiwa, akaulizwa habari za kutoka, za watoto, za jua. Naye akajibu akiwa na mguu mmoja ndani na mmoja nje, kwa kuwa haikuwa adabu kuketi kabla salamu hazijaisha.

Hayo yalikuwa ya kuingia. Ya kutoka yalikuwa makubwa zaidi. Saa saba kiwanda cha mkonge kilibadilisha zamu, na wenye zamu wakainuka kwenda zao wakiwa wamejitanda mashuka meupe ya kukinga jua. Hakuna aliyeachwa aende mlangoni peke yake. Mwanamke mmoja alisindikizwa na wanne. Wakafika mlangoni, mmoja akauegemea kwa bega usijifunge, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yalipoanza, kwani katika nchi ile lililo muhimu husemwa wakati wa kuagana.

"Msalimie sana mama mkwe."

"Atazipata. Na yule mbuzi wenu?"

"Wacha weh! Mbuzi gani tena? Si amekula chandarua!"

Sifaeli alikaa pembeni na saa yake. Alipojumlisha, mlango ulikuwa umekuwa wazi dakika arobaini na moja katika kila saa. Kimya namba tisa kilikuwa kikihema bila sauti, taa yake imekuwa nyekundu, na ndani mlikuwa na joto la nyuzi thelathini na saba. Nje, upande wa ukuta ambao kilitemea joto lake, ndipo walipokuwa wamepanga foleni wale waliongoja kuingia. Wakatemewa hilo pia.

"Tabia ya watu ndiyo mbaya," akasema Injinia Ombeni. "Wanahitaji elimu."

"Elimu ya kutosindikiza mgeni?"

"Elimu ya kufunga mlango, mzee."

Sifaeli akairudisha saa yake mfukoni. Alikuwa ameona mafundi waliofunga kiyoyozi cha chumba cha kulala kanisani, na wengine waliofunga cha ukumbi katika kibanda cha mlinzi mpaka mlinzi akaugua mafua. Lakini hao walau walikosea kipimo cha nyumba. Huyu alikosea kipimo cha watu, kisha akataka watu ndio wakatwe watoshe.

* * *

Siku ya pili Injinia alileta dawa ya ugonjwa huo. Ilikuwa mlango wenye akili. Ulihesabu pumzi za waliomo. Zilipofika mia tatu ulijifunga, wala haukufunguka tena ila mmoja atoke ndipo mmoja aingie. Injinia aliufunga usiku kucha na mafundi wake, na asubuhi aliusugua kwa kitambaa kama mtu asuguaye farasi wake.

Kufikia saa sita mlikuwa na nyuzi ishirini na tatu ndani. Mwenyekiti Mchome, ambaye siku ya kwanza hakuonekana, alikuja na wajumbe wanne, wakaketi safu ya mbele wakanywa chai ya moto. Mjumbe mmoja akaomba shali.

"Unaona, Sifaeli?" akasema Mwenyekiti, akipuliza kikombe chake. "Huu ndio ustaarabu. Wageni wa wizara wakija kuzindua, watadhani wako Ulaya."

"Waliobaki nje watadhani wako wapi?"

"Tutajenga jumba jingine."

"Lini?"

"Mambo huenda kwa awamu, bwana."

Saa saba king'ora cha zamu kikalia kiwandani. Dakika kumi baadaye wakasikia sauti ya mwanamke mlangoni.

"Hodi!"

Watu mia tatu wakainua vichwa. Vinywa vikafunguka, kwa kuwa neno hilo halingoji ruhusa ya akili. Lakini kabla hawajaitika, mlango wenyewe ukajibu kwa sauti tamu ya binti aliyefundishwa kutabasamu: "Karibu tena kesho. Nafasi zimejaa."

"Hodi, jamani! Hodi humo ndani!"

"Karibu tena kesho. Nafasi zimejaa."

Nje joto lilikuwa nyuzi arobaini na sita. Sifaeli alisimama akaenda kuusukuma mlango, haukutikisika. Akamwambia Injinia aufungue. Injinia akasema kwamba ukifunguliwa kwa nguvu wakati wa majaribio, matokeo yatabatilika. Wale wa ndani wakaanza kutazama magoti yao. Kila hodi ilipopigwa mabega yao yalishuka kidogo, kama watu wanaonyeshewa mvua. Ndipo mzee mmoja wa kwaya, mtu mwema, asiyewahi kumwibia mtu yai, akaanzisha wimbo. Alianza polepole, ilipopigwa hodi nyingine akapaza sauti. Mwenziwe akamsaidia. Hata jumba zima likaimba, sauti zote nne, besi imekaa mahali pake, tena waliimba vizuri mno, na hodi za nje hazikusikika tena.

Sifaeli alipita chumba cha mitambo, akavunja komeo la mlango wa mafundi kwa kipande cha bomba, akazunguka nje. Aliwakuta kumi na wawili wamejibana katika kivuli cha ukuta kilichokuwa na upana wa shubiri moja. Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Yule aliyekuwa akipiga hodi alikuwa mama mnene wa zamu ya kusokota kamba, jina lake Nambua, ameketi chini na shuka lake limemwanguka. Akamwinua, akawaingiza wote katika chumba cha mitambo, akawamwagia maji ya ndoo.

Nambua alikunywa, akatapika, akanywa tena. Alipopata ulimi alisema bila hasira yoyote, "Nilisikia mnaimba, mzee. Nikadhani hamnisikii."

Sifaeli akamsogezea ndoo. Alikumbuka, na kumbukumbu hiyo ilimchoma kuliko jua, kwamba yeye mwenyewe alipokuwa akikatiza jumba kwenda kuvunja komeo, midomo yake ilikuwa ikiufuata wimbo.

* * *

Mwenyekiti alimngoja jioni kwenye ngazi za jumba. Alikuwa amejiandaa, alizungumza kwa upole, na Mchome alipokuwa mpole watu wenye akili walishika mifuko yao.

"Dada yako hajambo?"

"Hajambo."

"Nasikia moyo unamsumbua. Daktari amesema asipitishe joto la ngapi? Ishirini na sita?" Akatoa karatasi. "Mlango ule una viti arobaini ambavyo hauvihesabu. Tumeviita viti vya heshima. Mwenye kiti chake huingia saa yoyote, mlango unamtambua kwa uso. Nakijwa Kallaghe ni namba nne."

Sifaeli akaisoma orodha. "Namba moja ni wewe."

"Ndiyo."

"Wewe una kiyoyozi nyumbani."

"Ni kwa ajili ya... kuonesha mfano."

Ilikuwa kweli kwamba Mwenyekiti alikuwa na kiyoyozi nyumbani. Tangu umeme ulipoanza kuelemewa, nyumba za kawaida zilikatiwa saa zote za jua. Uliachwa kwa hospitali, kwa majumba ya kivuli na, kwa muujiza ambao haujawahi kuelezwa, kwa nyumba za wajumbe wa Baraza. Mteuzi wa viyoyozi wa mji mzima alikuwa na kiyoyozi kizuri sebuleni mwake, nacho kiliwaka asubuhi na jioni, wakati ambao hakikuhitajika.

"Weka kidole kwa Kimya," akasema Mwenyekiti, "na dada yako ataishi. Usipoweka, hakuna mtu atakayekulaumu ila yeye."

Nakijwa alikuwa na miaka sabini na minne. Alimlea Sifaeli tangu mama yao alipofariki; aliacha shule akiwa darasa la sita ili mdogo wake aendelee, akapika katika jiko la bweni kwa miaka thelathini, na mkononi alivaa bangili ya daktari iliyopiga mluzi damu yake ilipopata moto kupita kiasi. Kiangazi hicho ilikuwa imekwisha kupiga mluzi mara mbili. Sifaeli alimkuta akichambua mchele, akaketi kwenye kigoda, akamweleza yote bila kuficha: Kimya na mlango wake, kiti namba nne, Nambua na wimbo. Kisha akamweleza na kile ambacho angekitilia kidole kama angekuwa huru, yaani upepo wa maji. Hewa ya nyika, iliyo kavu kama unga, huvutwa ipite katika mikeka iliyoloa, ikapoa, ikasukumwa jumbani, ikatokea upande wa pili. Chombo hicho hakikufaa kitu kule pwani, ambako hewa tayari imelowa, lakini hapa kilifaa.

"Kinaleta ngapi?"

"Thelathini. Lakini kwa watu mia saba, na mlango wazi."

"Na daktari alisema ngapi?"

"Ishirini na sita, Dada."

"Sasa unaniuliza nini?"

Sifaeli akaokota punje ya mchele iliyoanguka chini. Njiani alikuwa amekwisha kumwekea mdomoni maneno ya kishujaa. Alikuwa amemsikia akisema kwamba hawezi kukaa baridini huku mwenziwe anapigwa jua, kwamba maisha yake ameyala, kwamba mdogo wake afanye lililo haki. Alikuwa amekuja kuyachukua maneno hayo kama mtu ajaye kuchukua nguo kwa fundi.

"Umekuja nikwambie niko tayari kufa kwa ajili ya Kambi ya Mkonge," akasema Nakijwa. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Sisemi. Mimi nataka kuishi, Sifaeli. Nilipika ugali wa watoto wa watu miaka thelathini, mvuke ukanipiga usoni kila siku. Nataka kukaa mahali penye ubaridi, nimefunikwa khanga, nisinzie. Nataka kiti namba nne."

"Dada..."

"Fanya utakavyofanya. Kidole ni chako, nimekisomesha mwenyewe. Lakini usinigeuze mtakatifu ili wewe upate usingizi."

Akaendelea kuchambua. Sifaeli alitoka nje akasimama uani, na dharau yote aliyokuwa amewawekea akina Mchome kwa miaka thelathini na mmoja ikageuka ikamtazama yeye.

* * *

Siku ya tatu ilikuwa ya upepo wa maji. Kampuni ya Baridi Kamili haikuwa na chombo hicho, kwa sababu hakuna faida kubwa katika kitu ambacho fundi wa kijijini aweza kukitengeneza. Tangu siku ya kwanza wanawake wa Kambi walikuwa wakisuka mikeka ya mkonge, wakaijaza katika fremu za mbao kwenye madirisha yote ya mashariki. Maji yaliteremka kwa bomba kutoka katika ndiva, bwawa la wazee wa Kipare lililo juu mlimani, ambalo maji yake hugawanywa kwa zamu tangu enzi za mababu. Wazee wa zamu walikaa kikao kimoja wakatoa saa tano za kila siku, bila kudai viti vya heshima. Nyuma ya mikeka Sifaeli alifunga mapangaboi makubwa manne ya kiwanda, akayawasha.

"Ala!" akapiga kelele Mwenyekiti, mikono masikioni. "Hii ni mashine ya kusaga!"

"Tena jumba linanuka gunia lililonyeshewa," akasema mjumbe wa shali.

Watu walikuja. Mia tatu wakaingia, mia tano, mia sita, mia saba na kumi na wawili. Walipiga hodi wakaitikiwa, walikaa mlangoni wakaulizana habari za mbuzi, walisindikizana hadi uani wakarudi, mlango haukufungwa hata dakika moja. Injinia Ombeni alikitazama kipimajoto chake, akakigonga kwa kidole, akakitazama tena. Kila mlango ulipozibwa na watu wengi joto lilipanda kidogo. Ulipokuwa wazi kabisa, lilishuka.

"Hii haiwezekani," akasema.

"Upepo unaoingia lazima utoke," Sifaeli akamjibu. "Ukiufungia, unasimama na kuoza. Chombo hiki kinataka mlango wazi kama kile chako kinavyoutaka ufungwe. Hakuna kilicho kizuri wala kibaya. Kuna kinachofaa nyumba hii na kisichoifaa. Hilo nalo ni la darasa la nne."

Ilikuwa thelathini na nusu. Kila mtu alitoka jasho. Hakuna aliyeanguka.

Baraza lilikaa saa kumi na moja, humo humo jumbani, na vyombo vyote viwili vikawekwa mezani kwa alama zao, kila kimoja na kioo chake cha kupokea kidole. Mwenyekiti akatoa hotuba juu ya heshima ya mji, juu ya wageni wa wizara, juu ya kelele. Akamaliza kwa kumgeukia Sifaeli, na safari hii hakuwa mpole.

"Kabla hujaweka, waambie wajumbe dada yako anaruhusiwa joto la ngapi."

"Ishirini na sita."

"Na chombo chako kinaleta ngapi?"

"Thelathini na nusu."

"Basi unamwua dada yako kwa kidole chako mwenyewe, Sifaeli. Tukusikie ukilisema."

Sifaeli alikuwa na hotuba. Alikuwa ameiandika kwa mkono, kurasa mbili, kuhusu watu wapakao chokaa nje ya nyumba inayonuka ndani. Akaiona jinsi ilivyokuwa safi, na jinsi ilivyomtenga yeye na wengine wote, akaikunja.

"Huenda," akasema. "Hakuniruhusu. Alikitaka kiti chako, Mheshimiwa, na ana haki ya kukitaka kuliko wewe. Lakini jana mtu alipiga hodi katika jumba hili, nasi tukaimba. Na mimi niliimba. Mnataka nitie kidole ili tuimbe kila siku."

Akakiweka kidole kwenye kioo cha upepo wa maji. Kikawaka kijani. Mwenyekiti akainuka, akasema kwamba leseni ya mteuzi itachunguzwa, akatoka. Na kwa kuwa hakuna aliyeinuka kumsindikiza, alifika mlangoni peke yake.

* * *

Wageni wa wizara hawakuja kuzindua. Jumba lilifunguliwa Jumatatu kwa king'ora tu.

Nakijwa alifika saa tano kasoro dakika tano, amejitanda shuka, kidevu juu. Alipiga hodi, akaitikiwa na jumba zima, wala hakuitikia salamu ya mdogo wake. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mikeka iliyoloa, mahali palipokuwa na nyuzi ishirini na nane, ambapo kwa desturi iliyokwisha kuzaliwa katika siku moja palikuwa pa wenye watoto wachanga. Akaketi. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Sifaeli alikuwa na neno mdomoni, lakini mama mmoja mwenye mtoto wa wiki mbili alimkonyeza anyamaze, akajibana kando ya bibi yule. Na Nakijwa, bila kumtazama, akasogea nusu kiti.

Saa tisa bangili ikapiga mluzi.

Sifaeli hakujua jinsi alivyovuka jumba. Alimkuta dada yake amefumba macho, uso umemshuka, jasho limetuama katika mikunjo ya shingo. Akatwaa kitambaa kutoka mkekani, akamwekea kichwani, akambandika kingine kifuani, akampepea kwa kofia yake. Nambua alishika miguu yake akaiinua. Mluzi uliendelea kwa muda ambao hakuna saa iliyoupima. Kisha ukakatika.

Nakijwa akafumbua jicho moja.

"Ondoa mkono wako usoni pangu."

"Dada, nisamehe."

"Sikusamehe." Akavuta pumzi, akaitoa. "Unafurahi? Ishirini na tatu nilipewa, wewe ukaniletea hii mashine ya kusaga."

"Sifurahi."

"Uongo. Wewe tangu utoto ukifanya jambo la haki unakuwa na uso kama umeshiba." Akaufuta uso wake mwenyewe kwa ncha ya khanga. Mtoto wa wiki mbili alikuwa amelala, mguu wake mdogo umeegemea paja la bibi, naye hakuuondoa. "Kesho nitakuja tena. Usidhani nimelainika. Nakuja kwa sababu sina pengine pa kwenda."

"Najua, Dada."

"Basi usisimame hapo. Unanizibia upepo."

Sifaeli akasogea.